Kaya Isiyopika vya Kutosha

Mwalimu Rejista alisoma gazeti kama alivyokuwa akiita majina darasani kabla hajastaafu: polepole, akisita kila mstari utadhani anasubiri mtu aitike.

"'Kampuni ya gesi ya mita,'" akasoma, "'imetangaza kwamba kaya isiyopika vya kutosha kwa miezi miwili mfululizo itaondolewa mtungi na mita yake, vipelekwe kwa kaya yenye mahitaji.'"

Gundi, fundi viatu na mwenye benchi, alitema misumari kiganjani ili acheke vizuri. "Yaani siku hizi unanyang'anywa jiko kwa kosa la kutokuwa na njaa."

"Kwa kosa la kutopika," akasahihisha Dada Birika, muuza kahawa. "Njaa unaweza kuwa nayo. Hiyo hawaipimi."

"Na wanajuaje kama sijapika?"

"Mita si ina laini ya simu ndani? Ukiwasha wanajua, ukizima wanajua. Unachemsha yai, halijaiva, kampuni imeshapata habari."

Sentimita, fundi cherehani, hakucheka. Alikuwa amevuka barabara kutoka kwenye cherehani yake, futi ya kitambaa bado inaning'inia shingoni, na sasa alikuwa akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Nina jamaa yangu," akasema. "Mtu wa matumizi madogo. Chai asubuhi, chai jioni, basi. Huyo inamfaa kampuni gani?"

Wenzake watatu wakatazamana.

"Jamaa yako anakaa wapi?" Gundi akauliza.

"Huko."

"Huko kwenye nyumba yenye mlango wa bluu, na pazia uliloshona likapinda?"

"Halijapinda. Ndivyo lilivyokatwa."

Mwalimu Rejista akakunja gazeti. "Acheni utani, mtu kauliza swali. Kuna wale wa mitungi mikubwa, wanakuletea hadi mlangoni kwa pikipiki, wanakufungia, na wanakuaga kwa heshima."

"Mtungi mkubwa kwa mtu wa chai?" Gundi akadakia. "Huo atauacha kwenye urithi. Wajukuu watafikishana mahakamani, gesi ya babu bado imejaa."

"Na mimi umri wangu huu, wajukuu watoke wapi," Sentimita akasema.

"Kumbe umri ni wako."

"Wake. Nimesema wake."

"Nisikilizeni mimi," Dada Birika akaingilia. "Birika hili linachemka kutwa, nimeshahama kampuni tatu. Mtu wa chai mbili achukue mtungi mdogo wa dukani. Ukiisha anaubeba mwenyewe, anabadilisha, anarudi kwake. Hauna mita, hauna mkataba, hauna wa kumuuliza mbona leo hujapika. Unakaa kwenye kona kama mpangaji mwenye adabu."

"Swali limejibiwa," Mwalimu akasema. "Jamaa avunje mkataba wa mita, achukue mtungi mdogo."

"Hawezi kuuvunja." Sentimita akakoroga tena. "Mkataba una jina la mkewe. Lazima mke asaini."

"Si ampigie simu?"

Kijiko kikazunguka kikombeni.

Wiki ya tisa sasa Sentimita alikuwa akiwaambia kwamba mkewe kaenda kumuuguza mama yake. Juzi mama huyo mgonjwa alipita mbele ya benchi na ndoo ya maji kichwani, hata kuishika kwa mkono haishiki, akawasalimia wote mmoja mmoja isipokuwa mkwewe. Hakuna aliyesema neno. Labda walimhurumia, labda walikuwa wanaliweka akiba.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo, na ndiyo maana ulimwuma. Mita ile ilituma ujumbe kwenye simu mbili, ya mke na ya mume. Mke akizima jiko, simu inatetemeka juu ya cherehani: dakika kadhaa. Naye Sentimita, mtu wa vipimo, anapiga simu nyumbani. "Dakika arobaini na mbili. Ulikuwa unapika nini?" Maharage. "Mbona juzi maharage yaliiva kwa thelathini na nane?" Ikawa hivyo kila siku, mpaka alasiri moja ujumbe ukaingia: dakika kumi na moja. Siku hiyo Sentimita alifurahi mno. Aliona somo limeingia. Alipofika nyumbani akakuta sufuria ya maharage mabichi, na nafasi tupu lilipokuwa sanduku la mkewe.

"Hapigiwi mtu simu," akasema sasa. "Aliyetoka bila kuaga apige yeye."

"Aha, huyo jamaa yako ana kiburi," Gundi akasema. "Basi dawa yake rahisi. Wanataka moto, awape moto. Abandike sufuria kubwa ya maji asubuhi na jioni, itokote saa nzima. Kampuni itadhani kuna harusi."

"Maji ya kufanyia nini?"

"Ya kuchemka."

"Mnamfundisha kuchoma gesi ili asinyang'anywe gesi," Dada Birika akasema.

"Wenye ofisi ndio walioanza," Mwalimu akamjibu.

Siku tano baadaye, saa nne asubuhi, benchi likiwa limejaa, mke wa Sentimita alitokea kwenye kona. Alitembea kama mtu aliyekuja kukamata.

"Hamjambo."

"Hatujambo, shemeji," wakaitikia. Gundi akairudisha misumari mdomoni haraka, asije akaulizwa kitu.

"Fundi," mke akasema. Hakuwahi kumwita hivyo nyumbani. Akamwekea simu mbele ya macho. "Jumatatu asubuhi, dakika sitini na tano. Jioni, sabini. Jumanne hivyo hivyo. Jana tisini. Anapika nini?"

"Nani?"

"Huyo uliyemweka. Mimi kwa dakika arobaini na mbili nilihojiwa kama mwizi. Mwenzangu anapewa tisini na huna swali."

Kwa pumzi moja Sentimita alijiona mtu. Mwanamume anayepikiwa dakika tisini si wa kuhurumiwa na wauza kahawa. Shingo yake hata ilianza kunyooka. Kisha akaona kwamba mkewe ameikazia macho ile simu, anazisoma zile dakika upya.

"Maji," akasema.

"Maji gani?"

"Matupu. Nayachemsha. Yakipoa, nayachemsha tena."

Mwalimu Rejista akalifungua gazeti na kuingia mzima ndani yake.

"Kwa nini?"

"Wasichukue jiko."

"Na wewe unakula nini?"

"Chai."

Mke akamtazama, kuanzia kola iliyoanza kupwaya hadi mkanda uliotobolewa tundu jipya. Kisha akatoa karatasi mkobani.

"Hii ni fomu ya kuvunja mkataba. Nimeshasaini. Nilitaka huyo mwanamke wako akajinunulie moto wake." Akamgeukia Dada Birika. "Dada, mtu mmoja, mnywa chai, unamfaa mtungi gani?"

"Mdogo. Wa dukani."

"Haya, umeshachaguliwa mtungi." Akaiweka fomu juu ya benchi, akageuka, akaanza kuondoka.

Sentimita aliitazama ile saini. Ilikuwa imeandikwa kwa nguvu, karatasi karibu itoboke. Hatua tatu, nne, tano. Akahesabu, kwani hakujua kufanya kingine. Ya sita ikamshinda.

"Dada Birika," akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu. "Na watu wawili je?"

Hatua zikasimama. Mke hakugeuka.

Dada Birika hakuwa na haraka. Alimimina kikombe, akakifuta ukingo. "Watu wawili inategemea. Mpishi nani?"

Gundi aliacha kupumua, misumari ikamlalia ulimini. Sentimita akavua ile futi shingoni, akaizungusha kidoleni mpaka ikaisha.

"Mimi," akasema. "Na namba yangu itolewe kwenye ile mita. Ujumbe uende kwake tu."

Benchi zima lilimgeukia Dada Birika, hakimu wa mitungi.

"Basi mdogo bado unatosha," akasema. "Huyu akipika, nani ataomba aongezewe?"

Mke ndiye aliyeanza kucheka, mgongo kwanza, sauti baadaye. Akarudi, akaketi ukingoni mwa benchi, akiacha kati yake na mumewe nafasi ya kuketi watu wawili wanene.

"Nimiminie na mimi," akamwambia Dada Birika. "Na asidhani nimerudi. Nakaa hapa na simu yangu, nione jiko litawashwa saa ngapi."

Sentimita alikuwa ameshavuka barabara, anakimbilia mlango wa bluu.