Suruali ya Inchi Thelathini na Nne

Jumatatu, 21 Desemba
Nimekata suti nitakayovaa kwenye harusi ya binti yangu, tarehe mbili Januari. Kiuno changu ni inchi thelathini na nane. Suruali nimeikata ya thelathini na nne. Kwa makusudi! Sikuacha hata kitambaa cha kuongezea mshononi, nisije nikajihurumia. Kitambaa alichagua binti mwenyewe, na dukani kimekwisha. Tumbo litapungua litake lisitake. Sindano, fundi mwenzangu wa jirani na mshindani wangu wa siku zote, mwembamba kuliko jina lake, aliuliza ni mteja gani huyo mwenye kiuno cha nyigu. Nikamwambia ni mimi. Alicheka mpaka akajichoma kidole.

Jumanne, 22 Desemba
Asubuhi chai bila sukari. Mchana tango. Jioni mama mkwe akawasili kwa likizo na mabegi matatu, mawili ya nguo, moja la biskuti. Nilikataa kwa adabu. Akamwuliza mke wangu, mimi nikisikia, kama naumwa au nimeanza kumdharau. Loo! Nilikula sita. Za heshima tu.

Alhamisi, 24 Desemba
Mbinu mpya. Niliketi mezani na pini mdomoni kana kwamba niko kazini, pindo la gauni la mteja magotini. Mwenye pini kumi mdomoni hawezi kula. Hawezi hata kujibu maswali ya mashemeji! Mambo yalikwenda vizuri mpaka kuku alipoletwa. Mama mkwe akasogeza kisahani, akasema kwa upole niziweke pale, mimi mwanawe, nisije nikazimeza. Nilizitema zote kwa mpigo. Nikala paja, kidari, na viazi walivyobakiza wengine. Kutupa chakula ni dhambi.

Jumapili, 27 Desemba
Ushindi! Nimejipima nyumbani kwa tepu ya zamani ya mke wangu: thelathini na tano! Nikajipongeza kwa kipande cha keki. Vipande. Ndipo mke wangu akaniambia kwamba tepu ile watoto waliirukia kamba miaka mitano, imevutika. Nikakimbilia kibandani kwa tepu yangu ya kazi. Thelathini na tisa. Nimeongezeka!

Jumatano, 30 Desemba
Suruali imegomea mapajani. Binti alinikuta chali sakafuni, nahema, nagombana na zipu. Hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba nikikosa cha kuvaa, basi ataingia na baba yake mdogo. Mdogo wangu! Mtu anayevaa soksi za rangi mbili! Iliniuma, sitaficha. Nikajishusha, nikaenda kwa Sindano. Hakunisimanga hata neno moja, jambo lililoniumiza zaidi. Alifumua kizibao chote cha suti ileile, akapachika kipande chake nyuma ya suruali, akanionya nisithubutu kuvua koti.

Jumamosi, 2 Januari
Nimemwingiza binti yangu ukumbini kwa mkono wangu mwenyewe. Jasho lilinitiririka, koti sikuvua. Aliponinong'oneza kwamba nimependeza, nililia mbele ya watu wote bila haya. Sindano naye alilengwalengwa na machozi, ila macho yake yalikuwa kwenye mshono. Kwenye karamu nilirudia sahani mara tatu. Mshono ulistahimili. Fundi ni fundi, hata akiwa adui.

Jumatatu, 4 Januari
Mkwe mwenzangu, baba yake bwana harusi, amekuja nimshonee suti. Anasema yangu ilimvutia sana, hasa upande wa mbele. Mtu mwema, ila tumbo lake hutangulia mlangoni. Amenieleza kwa huzuni kwamba daktari amemkataza mafuta na sukari, naye kila akijaribu anashindwa. Nilimwonea huruma. Nimefikiri sana juu ya kosa langu, nikaona lilikuwa moja tu: siku kumi na mbili hazitoshi. Yeye suti anaitaka baada ya miezi miwili. Kiuno chake ni arobaini na nne. Nimeandika thelathini na nane, na mkasi umeshapita.