Jina la Pili Kwenye Karatasi

Jumanne, 4 Novemba
Mke wangu Nawar anafundisha historia chuoni, Al Khoudh. Nimechungulia kitabu chake. Jimbo la Georgia, Marekani, 1946! Gavana mteule alifariki kabla ya kuapishwa. Baadhi ya wapambe wake walijua anaumwa, wakawa wameandika jina la mwanawe kwenye karatasi za kura. Bunge la jimbo likampa mwana ugavana! Baadaye mahakama ikamtoa. Sehemu hiyo sikuisoma sana.

Ijumaa tunachagua mwenyekiti wa sabla, ukumbi wa ukoo wetu. Ami Yaqdhan atapita tena, ila magoti yake yamekwisha. Marehemu baba alikalia kiti kile miaka kumi na miwili. Nakitaka mpaka naumwa.

Jumatano, 5 Novemba
Nimewazungukia ndugu wote. Nimewaomba waandike jina la Ami, na chini yake langu, endapo. Mmoja wao, Humam, kauliza endapo nini. Nimemjibu endapo tu. Binamu yangu Wael, hasimu wangu tangu madrasa, kainusa habari. Naye anazunguka, tena na halua! Hana haya.

Ijumaa, 7 Novemba
Ami kashinda. Kasimama, kaketi tena, kasema magoti hayamruhusu, yatazamwe majina ya chini. Langu mara kumi na moja, la Wael mara tatu!

Ami akaniita mbele. Nikafanya kama mtu aliyelelewa. Nikainamisha kichwa: "Hasha, ami, mie nani? Wapo wanaostahiki zaidi." Kwetu mtu hukataa mara mbili, ya tatu hukubali. Nikangoja kubembelezwa.

Wael akapaza sauti kwamba alhamdulillahi, ndugu yetu kajitoa! Ami akanibusu kipaji cha uso, akausifu unyenyekevu wangu mbele ya watu wote. Wael akapewa kiti. Mimi nikapewa kikombe cha kahawa.

Jumamosi, 8 Novemba
Ami kanipigia simu. "Nlijua unakitaka, mwanangu. Lakini baba yako hakula chakula cha mchana kwa raha miaka kumi na miwili, kila saa mtu mlangoni. Nna huruma na wewe." Nimelia kidogo. Nampenda sana mzee huyu.

Nawar kaniuliza nimejifunza nini. Mengi, nimemwambia. Mwezi ujao shule ya watoto inachagua mwenyekiti wa wazazi. Nitakataa tena, adabu ni adabu. Ila safari hii kwa sauti ndogo, wasinisikie.