Koplo wa Mizinga Aomba Leseni ya Hoteli

Jamaa zangu wa kambi, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Suruali ninayo. Ni heshima ndiyo iliyoniponyoka.)

Mnajua nilistaafu nikarudi Rongo. Mnajua pia kazi yangu ya jeshini kwa miaka kumi na minane: kupika. Niliwalisha nyote na hakuna aliyekufa! Lakini huku nyumbani hakuna aliyejua. Huku mimi ni mtu wa mizinga. Kwetu mwanamume haonekani jikoni, na wakwe zangu wa Homa Bay wangejua walimpa mpishi binti yao, uso ningeuweka wapi? Kwa hiyo kila likizo nilikaa sebuleni nikaletewa chakula. Hata chai nilidai sijui inavyochemshwa. (Ndiyo, nilizidisha.)

Sasa nimekodi chumba kando ya barabara tufungue hoteli. Mke wangu, Min Akinyi (yaani mama Akinyi; mimi ni Wuon Akinyi, baba yake), apike. Mimi nikae kwenye kaunta nisalimie wateja. Pesa zimeishia kwenye meza na sufuria. Za leseni na kodi ya serikali ya mwaka wa kwanza hatuna. Ndipo tukasikia kwamba askari wastaafu wanaoanza biashara ndogo wanasamehewa vyote viwili, mradi uende Migori na cheti cha jeshi. Na cheti changu, mnakijua, kina mstari mmoja mbaya.

Nilipanga kwenda peke yangu. Asubuhi namkuta Min Akinyi amevaa nguo ya kanisani. Kando yake yuko kaka yake, shemeji yangu Odhiambo, ametoka Homa Bay na gari la kwanza.

"Nataka kuona vile serikali inaheshimu mtu wa mizinga," akasema.

Nikakisukuma cheti ndani kabisa ya mfuko.

Saa mbili tukawa kwenye benchi la ofisi ya leseni. Nikapewa fomu. Penye "kazi jeshini" nikasita, shemeji ananichungulia begani. Nikaandika: mizinga. Tangu hapo sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Cheti nimekikunja mara nne mfukoni na kimelowa jasho.

"Min Akinyi, si uende soko la samaki uangalie omena?"

"Omena iko hata Rongo."

"Shemeji, basi wewe enda ukunywe soda."

"Sina kiu."

"Si mngojee huko nje? Huku ndani kuna joto."

"Wuon Akinyi," mke wangu akasema, "kwani umekanyaga siafu? Keti!"

Saa sita nikaitwa. Nikaruka niingie peke yangu. Wapi! Wote wawili nyuma yangu. Afisa ni mzee wa mabega mapana, na viatu vyake vinang'aa kupita kiasi. (Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Raia hapigi kiwi hivyo.)

"Biashara ni hoteli?"

"Ndiyo."

"Na jeshini ulikuwa wa mizinga?"

"Sana!" shemeji akanijibia. "Huyu alikuwa anapiga mbaya mbaya!"

Afisa akaweka kalamu chini. "Msamaha ni wa mtu anafanya na mkono yake kazi alifunzwa jeshini. Mizinga na chapati zinakutana wapi? Hii siwezi pitisha."

Min Akinyi akanishika mkono. Vitambaa vya meza ameshashona vyote, na jina la hoteli amelichagua yeye. Nikaona machozi yanamlengalenga, na roho ikaniuma kweli. Nikainama kwa afisa nikanong'ona: "Kuna ingine nilifanya. Kidogo tu."

"Sisikii."

"...pishi."

Akapiga meza kwa kiganja. "Koplo! Ripoti!"

Jamani, jeshi halitoki mwilini! Visigino viligongana vyenyewe, kifua kikatoka mbele, na sauti ikapanda hadi darini: "Koplo Ochieng', mpishi, bwalo la askari, ugali wa watu mia tatu kila siku, afande!"

Watu wa benchi la nje wakachungulia mlangoni.

"Chapati?"

"Laini, afande!"

"Maharagwe?"

"Yameiva, afande!" (Nilishindwa kujizuia. Niliripoti hadi vitunguu vinavyokatwa.)

Kumbe mzee alistaafu akiwa sajenti. Akakunjua cheti, akasoma ule mstari, akagonga muhuri. Tumesamehewa! Shemeji alikuwa ameinamia sakafu, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Tulipofika barabarani, Min Akinyi akanigeukia.

"Miaka kumi na nane," akaanza.

"Najua."

"Nimeamka na malaria nikakupikia uji."

"Najua, mama."

"Na ukaniambia ugali yangu iko na madonge! Yawa!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu akacheka, akalazimika kushikilia mlingoti wa stima asianguke.

Basi, sharti ni sharti: nipike kwa mkono wangu mwenyewe, na afisa atakuja kukagua. Kaunta ameichukua Min Akinyi. Nawaandikia kutoka jikoni, aproni kiunoni, na shemeji amekataa kurudi Homa Bay. Yuko kwenye sahani ya tatu na ametuma watu wawaite wazee wa kwao waje waonje.

Chekeni huko huko kambini mmalize. Lakini mkipita Rongo, nawaomba, mtu asinipigie meza na kusema "ripoti" mbele ya mke wangu, kwa maana kuna mengine sijamwambia.