Nguzo Yenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Ushindi! Mimi, Jotham wa Thornton Heath, ni Mwenyekiti wa Kamati ya Nguzo! Tawi la London la Ushirika wa Umeme wa Mabwire limekutana kwa Zoom, nikapita bila kupingwa. Mumbi, mke wangu, anasema ni kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Wivu tu.

Mambo yenyewe ni haya. Kijiji chetu kina umeme wake, wa mtambo wa mtoni. Nguzo tulizinunua sisi tulio ng'ambo, na kila nguzo ina kibao cha bati chenye jina la aliyeichangia. Sasa kampuni ya kebo inataka kutundika waya za intaneti kwenye nguzo zetu. Inahitaji ruhusa. Yaani inanihitaji mimi!

Na kuna haraka. Mama yangu, aliye kijijini, amenyimwa viza ya kuja. Binti yetu Lydia anaolewa tarehe kumi na tano, na ameapa hakati keki mpaka nyanya yake ambariki ana kwa ana kwenye skrini. Kule bondeni simu hushika mtandao mtu akipanda kichuguu, tena sauti peke yake. Bila waya, hakuna nyanya. Bila nyanya, hakuna keki.

Jumatano, 5 Juni

Nimetunga kanuni. Hakuna waya kupita kwenye nguzo bila kibali cha mwenye jina lililo kwenye kibao. Atakayebadili nia asubiri wiki nzima. Tamu! Maana nguzo yangu iko mlangoni mwa kanisa. Niliichagua mwenyewe ili jina langu lisomwe kila Jumapili. Sasa kanisa zima litanibembeleza. Na yule Linus wa Southall, aliyenishinda uenyekiti wa chama cha mazishi, atanitambua.

Nilidhani Linus atapinga. Akaunga mkono! Akasema ni kanuni safi sana, tena akitabasamu. Tabasamu lile silipendi. Kanuni imepita.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeiandikia kampuni rasmi: nguzo yoyote yenye jina la Jotham, kibali kimekataliwa. Si kwa ubaya. Nataka tu niombwe kidogo, halafu nikubali kwa ukunjufu. Mchungaji ameshatuma salamu ndefu na kuniita mzee! Mumbi akauliza waya utafikaje kwa Mama. Nikamwambia njia ya kwa Mama haina nguzo yangu hata moja. Atulie.

Jumapili, 9 Juni

Balaa! Ramani imefika. Nguzo ya langoni kwa Mama, ya mwisho kabisa, ina kibao cha LINUS. Mumbi anakumbuka vizuri: mimi nilipong'ang'ania ya kanisani, Linus alisema basi yeye ataweka ya mama yake Jotham, asikae gizani. Mimi sikumbuki kitu kama hicho. Kwa hiyo, kwa kanuni yangu mwenyewe, nimwombe Linus!

Nikapanda treni hadi Southall. Linus akanikaribisha chai na bajia, akauliza kama kuna jambo. Nikasema nilikuwa napita tu. Nani anapita tu Southall kutoka Thornton Heath? Nimerudi bila kumwomba. Mwenyekiti haombi.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata! Akili hii haiuzwi dukani! Nimeongea na binamu yangu Elkana, yuko juu ya kichuguu. Achukue bisibisi, abadilishe vibao. Changu kiende langoni kwa Mama, cha Linus kiende kanisani. Hapo nguzo ya Mama inakuwa yangu, simwombi mtu! Elkana akauliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika! Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Nimemnunulia Mumbi maua. Ameyanusa, akauliza nimefanya nini tena.

Alhamisi, 13 Juni

Mafundi wamepita. Wanasoma kibao, wanatazama karatasi. Langoni kwa Mama: JOTHAM. Kibali: kimekataliwa. Wakakunja waya, wakaenda zao! Ile barua yangu! Niliisahau kabisa!

Nikapigia kampuni simu. Dada mmoja mpole akasema niandike upya na nisubiri wiki nzima, kama kanuni za kamati zinavyotaka. Nikauliza kamati gani hiyo isiyo na huruma. Akanisomea jina langu. Basi siandiki! Mwenyekiti hawezi kujiomba kibali mwenyewe.

Na kanisani? Kibao cha Linus. Linus alitoa kibali kwa nguzo zake zote siku ya kwanza, bila kubembelezwa na mtu. Intaneti inawaka kanisani.

Lydia ameniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nyanya yuko tayari. Nikasema yuko tayari kabisa. Nimeingia bafuni nikasimama huko, natazama taulo. Najisikia vibaya sana.

Jumamosi, 15 Juni

Harusi! Ukumbi wa Mohinder, mzaliwa wa Kisumu. Keki mezani, skrini tupu. Lydia akashika kisu, akakiweka chini, akanitazama. Sijawahi kuogopa macho ya mtu namna ile. Mohinder akauliza kwa Kiswahili chake cha Kisumu mama yuko wapi, bana. Nikaanza kumweleza hali ya hewa ya Mabwire.

Ghafla skrini ikawaka. Mama! Yuko kanisani, kitambaa kipya kichwani, ameshikana mkono na mama yake Linus, kijiji kizima nyuma yao. Linus ndiye aliyepanga yote. Mama akambariki Lydia mpaka ukumbi ukalia, na mimi nikalia, sifichi. Keki ikakatwa!

Kisha Mama akamshukuru Linus. Mchungaji akamshukuru Linus. Kwaya ikamwimba Linus! Halafu Mama akasema ameona jina langu langoni kwake, ila waya umekataliwa kupita hapo, nani amekataza? Ukumbi ukaangua kicheko. Linus akanipigapiga begani, akasema kweli ile ilikuwa kanuni safi.

Jumatano, 19 Juni

Jina la Linus mlangoni mwa kanisa! Kila Jumapili! Haiwezekani. Juzi nilimwagiza Elkana arudishe vibao mahali pake upesi. Amerudisha.

Leo Mama amenipigia simu ya video. Kutoka sebuleni kwake! Picha safi, naona hadi kalenda ukutani. Mafundi walirudi jana kukagua nguzo, wakakuta kibao cha Linus langoni, wakamuunganishia intaneti papo hapo. Mungu amzidishie Linus, akasema Mama. Ila kuna jambo la ajabu. Walipofika kanisani wakasoma kibao, wakatazama karatasi, wakakata waya. Mchungaji anauliza ni nani mwenye roho mbaya hivyo.

Nimemwambia Mama asiwe na shaka. Jambo zito kama hili lazima lichunguzwe. Nimeshaunda kamati. Mwenyekiti ni mimi, na kanuni ya kwanza nimeiandika tayari.