Mafuta ya Papa Kwenye Gari ya Posa

Leo nimeadhirika. Nawaandikia nyinyi wa baraza ya Likoni kwa kuwa siwezi kuja kuwasimulia mwenyewe. Nanuka. Nimeoga, nimejisugua kwa limau, nimejifukiza udi, na bado Shangazi amenitengea chakula changu uani. Basi msomeane, na atakayesoma kwa sauti asitie chumvi. Imo ya kutosha.

Mwajua kwamba leo ilikuwa siku ya posa yangu. Kwa asiyejua: namposa Zuhura wa Kisauni, binti wa Mzee Swaleh, na tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi, roho yangu haina pengine pa kulala. Walioteuliwa kwenda kuposa ni wawili, Ami Athmani, ndugu wa marehemu baba, na Shangazi Mwanamisi. Mposaji mwenyewe haendi. Ndivyo tulivyo sisi. Kijana anayejipeleka kwa mkwe kujiombea mke huambiwa hana haya, na asiye na haya hapewi mtoto wa watu.

Ila gari ni ya Ami, na Ami hajui kuendesha. (Aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na tangu siku hiyo kazi yake ni kuipangusa vumbi.) Anayejua kuendesha katika nyumba nzima ni mimi. Ikakatwa shauri niende kama dereva.

"Mzee Swaleh hakujui sura," akasema Ami. "Wewe leo ni dereva. Hushuki garini. Ukiitwa, itika labeka, basi."

"Na akiniuliza jina?"

"Hakuna aulizaye jina la dereva."

(Hilo liliniuma, lakini nilimeza.)

Matata yalikuwa mshale. Ami haogopi kitu duniani isipokuwa mwendo wa gari. Hukaa mbele, na hatazami njia hata siku moja. Hutazama ile saa ya mwendo kwenye dashibodi, na mshale ukipita maili ishirini na tano hupiga kelele. Sasa tangu juzi mshale umeingiwa na wazimu. Mara sufuri, mara hamsini, mara sufuri tena, na nyuma ya kioo sauti ya panya aliyebanwa na mlango. Juzi tulipitwa na baiskeli iliyopakia madafu, na Ami kanishika mkono analia, "Hamsini! Wataka kutuua!"

Asubuhi ya leo akaapa. "Mimi sipandi gari isiyojua yenyewe yenda vipi. Mshale usipopona, Kisauni haendi mtu."

Moyo ulinipasuka. Kuna bwana mmoja wa Mkomani, mwenye duka, aliyekwisha kutuma mtu kuulizia. Mzee Swaleh alikuwa ametupa nafasi leo, alasiri. Tusipofika leo, kesho huyo bwana yuko barazani kwake na Zuhura ameondoka.

Nikamwambia Ami, "Niachie mimi." (Yakumbukeni maneno hayo.)

Ufundi wangu mwaujua. Niliwahi kuitengeneza stovu ya Shangazi, ikawaka. Tangu hapo kwetu mimi ni fundi, na mtu akiitwa fundi mara nyingi huanza kuamini.

Na wallahi mwanzo nilifanya mambo ya maana! Nikagonga kioo kwa kidole, mshale ukaruka. Nikalala chali chini ya dashibodi, nikafungua nati iliyo nyuma ya saa, nikauchomoa waya. Maana saa ile haina akili yake. Kuna waya mrefu ndani ya mpira, unatoka kwenye giaboksi. Gari ikienda waya huzunguka, na saa husema lile ililoambiwa na waya. Nikamwomba Shangazi akae ndani aitazame ncha, nami nikaipeleka gari polepole uani.

"Wazunguka?" nikamuuliza.

"Wazunguka, kisha wasita, kisha waruka. Kama ami yako achezapo ngoma ya kirumbizi."

Basi nikajua. Waya haujakatika, giaboksi haina neno. Waya umekauka, unakwama ndani ya mpira, kisha unafyatuka. Dawa yake ni grisi kidogo. Nasema "kidogo" sasa. Asubuhi neno hilo sikuwa nalo.

Kopo la grisi la Ami lilikuwa na kutu na mende. Dukani ni ng'ambo, na feri ya kwenda na kurudi ingenilia asubuhi yote. Nikageuza macho uani, nikaliona debe la marehemu baba la mafuta ya papa, yale wavuvi wanayopaka vyombo visioze. Nyinyi ni watu wa Likoni, mwanifahamu. Kwetu mafuta ya papa yamepakwa mashua, bawaba, cherehani, na mimi mwenyewe kifuani nilipokuwa na kikohozi. Yote yalipona! Nani angesema gari itakataa?

Nikakata bua la jani la mpapai, nikalifanya mrija, nikamimina. Mpira ukanywa. Nikaongeza, ukanywa tena. (Nilidhani una kiu.) Nikarudisha nati, nikamwita Ami, tukazunguka mpaka msikitini na kurudi.

Mshale! Umetulia kwenye ishirini, hautikisiki. Panya kanyamaza kimya. Ami akanitazama kama nimefufua maiti.

"Mashaallah! Kumbe mtoto huyu ni fundi kweli!"

"Si kitu, Ami."

"Na harufu hii?"

"Ndiyo ya dawa, Ami. Itaondoka."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ami alipoingia ndani kuvaa, nilirudi na mrija wangu nikaongeza mengine, ya safari.

Baada ya adhuhuri tukaondoka. Ami mbele na joho lake, Shangazi nyuma amepakata sinia ya halua. Kwenye feri Ami alimwonyesha mshale kila aliyesimama karibu, ingawa gari ilikuwa imesimama na mshale haukuwa na la kuonyesha. "Kijana wangu huyu kautengeneza," akasema. Mimi nikatazama maji kwa unyenyekevu wa uongo. Nilikuwa na furaha, jamani, sijui niwaambieje. Nilikwisha kujiona nimekaa na kilemba, nasoma kabuli ya nikahi.

Tulipofika Daraja la Nyali nikaona jambo. Chini ya kioo cha saa kulikuwa na mstari wa manjano. Ukapanda. Mafuta! Baadaye nimefahamu sababu: waya ule umesokotwa, na ukizunguka huyapandisha mafuta juu kama skurubu. Nami nilikuwa nimeupa mengi ya kupandisha. Yakaingia ndani ya saa, yakaushika mshale, yakaanza kuupeleka yatakako. Thelathini. Arobaini. Hamsini.

"Wenda mbio!" akapiga kelele Ami.

"Ami, mbele yetu kuna mkokoteni, nasi hatuwezi kuupita."

"Sitini! Basi na mkokoteni nao wenda sitini! Mwambie apunguze!"

Akatoa kichwa dirishani. "Ewe mwanangu! Polepole! Utaua watu!"

Msukuma mkokoteni akageuka, jasho lamtiririka. "Mzee, nikienda polepole zaidi nitakuwa nimesimama!"

Ami akarudisha kichwa, akafumba macho, akaanza kusoma shahada. Hakuyafumbua tena mpaka Kisauni. Harufu nayo ikaamka, maana jua lilikuwa likiyapika yale mafuta. Shangazi akaifunika halua kwa buibui lake asiseme neno. Shangazi akinyamaza, ogopa.

Tukafika. Mzee Swaleh alikuwa barazani na jamaa zake wawili, wakibishana habari za uhuru na Mwambao kujitenga. Wakanyamaza kutupokea. (Nadhani ni mara ya kwanza mwaka huu watu kunyamaza juu ya jambo hilo.) Nikazima gari. Mzee Swaleh akashuka ngazi na tabasamu.

"Assalaam aleikum! Karibuni, karibuni! Shukeni!"

Ami akafumbua jicho moja. Halikumtazama Mzee Swaleh. Lilitazama saa. Mshale umelala kwenye sitini, umezama katika mafuta, haurudi.

"Waaleikumu salaam," akasema Ami, ameushika mlango kwa mikono miwili. "Tutashuka ikisimama."

Jamaa wa barazani wakayatazama magurudumu.

"Imesimama, bwana," akasema Mzee Swaleh taratibu.

"Haijasimama! Yaenda sitini! N'naiona!"

Shangazi alikwisha kushuka zamani. Akaja dirishani na sinia yake. "Athmani, mimi nimesimama hapa. Ikiwa gari yenda sitini, mimi naifuata kwa miguu gani?"

Juu ghorofani, nyuma ya pazia, mtu akacheka. Nilikijua kicheko kile. Zuhura aliwahi kunichungulia kwenye maulidi nami nikajifanya sioni, na siku ile pia alicheka hivyohivyo.

Basi nikataharuki. Nikasema moyoni, mshale ukishuka, Ami atashuka. Nikasahau amri ya kutotoka garini. Nikafungua mlango, nikalala chali, miguu nje, kichwa chini ya dashibodi, nikaikamata ile nati nyuma ya saa.

Nikaifungua.

Jamani! Yalitoka yote! Ya asubuhi, na ya safari! Ya moto! Yakaniingia machoni, puani, mdomoni (nilikuwa nimeufungua ili niseme "Bismillahi"), yakashuka shingoni mpaka ndani ya kanzu. Nikapiga kelele ambayo sitaiandika. Nikatoka kinyumenyume mbele ya baba mkwe wangu, nawaka manjano, kofia imegandamana na nywele, nachuruzika kwenye kidevu.

"Labeka," nikasema. Hakuna aliyekuwa ameniita.

Ami akatazama saa, sasa tupu. Mshale ukaanguka sufuri. "Alhamdulillahi," akasema, akashuka kwa heshima zake zote.

Kisha paka. Wa kwanza alikuwa mwekundu, alitoka juu ya ukuta. Akafuatwa na mwingine, kisha sikuweza kujua tena nani katoka wapi. Walitoka uchochoroni, walitoka jikoni, mmoja alitoka chini ya kiti cha Mzee Swaleh mwenyewe. Wakanizunguka, wananilamba vidole vya miguu, wananililia kwa mapenzi. Jamaa wawili wa barazani wakaegemeana, hawajiwezi.

Mzee Swaleh akaziba pua kwa ncha ya kikoi. "Huyu ni nani?"

Ami hasemi uongo, hata kidogo. "Huyu ndiye aliyetuendesha."

"Na aliyetia mafuta ya papa ndani ya gari?"

"Ni huyuhuyu."

"Laa haula!"

Wakaingia ndani. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya gari na wenzangu wa mikia. Dirisha la baraza lilikuwa wazi, na nilisikia kila neno, nami ningependa nisisikie.

"Kijana wetu ana dini," akasema Ami. "Mpole. Tena ni fundi."

"Fundi wa nini?"

Ami akakohoa. "Wa mashine. Stovu. Na... gari."

"Gari!" akasema Mzee Swaleh. "Basi mbona hii hamkumpa yeye, mkampa yule hayawani pale nje?"

Ami akakohoa kwa muda mrefu sana. "Mzee wangu, kijana leo yuko kazini. Kazi ngumu."

"Vyema! Naye ana haya, hakujileta. Vijana wa siku hizi hujileta wenyewe."

Nikauficha uso wangu katika paka.

Shangazi ndiye aliyetoka kwanza. Akanirushia kifurushi kutoka mbali. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni na malimau. "Katoa Zuhura," akanong'ona, mashavu yamemvimba kwa kicheko. "Kakujua tangu uliposema labeka. Asema amekubali. Lakini jikoni kwake usiguse stovu."

Amekubali! Niliruka, paka wakatawanyika, wakarudi. Sikujali tena harufu, wala macho yanayowasha. Ningeweza kumbusu yule mwekundu.

Kisha Ami akatoka, akaagana, akaingia kiti cha nyuma na kuagiza madirisha yote yafunguliwe. Saa ilikuwa haina waya, haisemi kitu, na nilimpeleka Ami arobaini asijue. Tulipofika darajani ndipo aliposema.

"Posa imekubaliwa. Fatiha tumeisoma. Nikahi mwezi ujao."

"Alhamdulillahi!"

"Mzee Swaleh ana sharti moja tu."

"Lolote, Ami! Lolote!"

Ami akatazama maji. "Yule dereva asionekane harusini. Asikaribie hata mlango wa msikiti. Na mimi kwa furaha nilikwisha kumpa mkono."

Shangazi alicheka kutoka hapo mpaka Likoni, feri nzima ikawa yatutazama.

Basi, jamaa zangu, ndiyo hali. Nimepata mke, na nimekatazwa kuja kumwoa. Msinicheke. Na atakayecheka asitaraji mwaliko, maana hata mimi sijaalikwa.