Mbegu ya Sabuni

Siku Najibu wa Miembeni alipomsikia Mzee Kahangwa wa Izigo akilalamika dukani kwamba mche wa sabuni umepanda bei tena, moyo wake ulijaa huruma. Alijihurumia mwenyewe, maana Muleba nzima ilijua kwamba mzee huyo ana ndoo ya vanila kavu, mali ya mamilioni, chini ya kitanda, na Najibu hakuwa na hata ganda moja.

"Tata Kahangwa, waitu," alisema kwa adabu ambayo mama yake mzazi hajawahi kuionja, "bado mnanunua sabuni za dukani? Wenzenu wameacha."

"Wanafulia mchanga?"

"Wanaotesha ya kwao nyumbani."

Akatoa mfukoni kipande cheusi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Hiyo, alieleza bila kupepesa macho, ni mbegu ya sabuni. Unaitia kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, ile pombe ya ndizi, pamoja na juisi ya ndizi na majivu ya maganda, unafunika kwa majani siku mbili bila kuchungulia, inaumuka hadi mtumbwi unajaa sabuni. Mbegu haifi, itawafulia mpaka vitukuu. Bei yake ni ile ndoo tu.

Mtu wa kwingine angecheka. Lakini Kahangwa alikuwa amekamua ndizi tangu utotoni, na mara ngapi ameacha juisi tamu Ijumaa akaikuta Jumapili imekuwa pombe? Kama ndizi hupata ulevi peke yake, kitu gani kiizuie kupata povu? Mzee alishafungua kiwanda kichwani, na mkewe alikuwa meneja.

"Nitalipa nikiiona," alisema.

Ijumaa wakatia mbegu. Jumapili asubuhi Ma Kokuberwa, mkewe Kahangwa, akajifunga kitenge cha kanisani, na nyumba nzima ikajiandaa kwenda misa.

"Nendeni mkasali kwa utulivu," Najibu akawaambia. "Mimi Muislamu, nitabaki kulinda mtumbwi."

Walipopotelea njiani, mlinzi akavuta kutoka migombani ndoo nne za sabuni ya dukani, aliyoikwangua na kuiyeyusha chumbani kwake Miembeni, kisha akaitia majivu ipate weusi wa kienyeji. Juisi ya ndizi ikamwagwa shambani, sabuni ikamiminwa mtumbwini. Ili kuipata alikuwa ameuza friji, lakini kwa hesabu zake friji hiyo ilikuwa chambo, na vanila ndiyo samaki.

Waliporudi, Kahangwa alifunua majani, akapiga ishara ya msalaba. Akafua shati alilovaa. Akafua kofia. Akamfua na mbwa, aliyetoka hapo na sura ya mtumishi wa serikali.

"Sasa ile ndoo, tata," Najibu akakumbusha.

"Mwanangu, mara moja inaweza kuwa bahati. Turudie."

Jumapili iliyofuata ikaondoka na televisheni. Mzee akafunua majani, akashangaa upya kabisa, akaita Bikira Maria mara tatu.

"Imebaki kitu kidogo tu," akasema. "Mkwe wangu Mwijage ni mbishi. Naye akiona, ndoo yako."

Najibu akauza pikipiki. Tusimcheke. Mtu ambaye friji na televisheni yake zimeshaingia kwenye mtumbwi wa mwenzake hawezi kukimbia kwa sababu ya pikipiki. Usiku hakulala, kila akifumba macho anasikia harufu ya vanila.

Jumatatu akaenda kwa Sada, muuzaji wa jumla pale Miembeni.

"Nipe kama za siku zote. Katoni kumi."

"Za kiwandani siku hizi hazitoki," Sada akamjibu. "Watu wamehamia za nyumbani. Chukua hizi, bei nusu, na povu lake si la kitoto."

Aliposikia nusu, Najibu akalipa. Baada ya kulipa ndipo akaangalia. Vipande vilikuwa vyeusi, na kila kimoja kilikuwa na upande mmoja uliobinuka, kama tumbo la mtumbwi.

"Zimetoka wapi hizi?"

"Muulize mwenyewe."

Kwenye benchi, nyuma ya magunia ya chumvi, Ma Kokuberwa alikuwa anakunywa soda.

"Karibu, mwanangu. Mbegu haijambo?"

"Mama... mlijua?"

"Jumapili ile ya kwanza padri aliitwa kwa mgonjwa, misa ikawa fupi. Tukakukuta unamimina. Mzee akashika panga. Nikamwambia, mwache kwanza, tuone ana ndoo ngapi."

"Nitawaambia watu wote kwamba ni sabuni ya dukani!"

"Waambie, waitu. Waambie na aliyeiweka."

Sada akageuka ghafla kuhesabu viberiti, na kurudisha fedha alikataa katakata. Najibu akapanga katoni zake barazani papo hapo, machozi yakimlenga.

"Sabuni ya nyumbani! Sabuni halisi ya Izigo!"

Akasimama Hafidha wa Buhembe, ambaye Najibu aliwahi kumuuzia maji ya chai kwa jina la marashi.

"Ya Izigo? Wewe Najibu?"

"Haki ya Mungu, dada! Imetoka kwenye mtumbwi wa yule mama pale ndani. Muulize!"

Tangu abalehe hakuwahi kuapia kitu cha kweli, na kiapo chenyewe kilitoka kwa kigugumizi. Hafidha akachukua kipande kimoja, akaingia nacho dukani. Najibu akabaki mlangoni ameshika kichwa, akimtazama Ma Kokuberwa kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Ma Kokuberwa akaweka soda chini. Akakigeuza kile kipande huku na huku, akakinusa, akamrudishia Hafidha kwa upole.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hii ni ya dukani."