Kompyuta Iliyohamia Kalama Bila Diski Yake

Tuliombea chakula! Kompyuta ilikuwa mezani tu, kando ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mchungaji aliponyoosha mkono ikajipatia baraka kidogo. Wanaosema sokoni kwamba nyumba ya marehemu mume wangu, Mwalimu Mwangangi, ilikemea mashetani ndani ya laptopu hawakuwepo.

Ukweli ni huu. Mzee Wathome alikuja na wazee wenzake kutoka Ndithini kumposea mwanawe binti yangu, Nzilani. Walishuku kwamba sisi na wao ni ukoo mmoja, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Wakataka ushahidi. Marehemu aliandika nasaba yetu, vizazi saba, akaihifadhi katika kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika, faili tu zinazokaa ndani ya kompyuta nyingine. Hiyo nyingine iko katika nyumba yetu ya Mumbuni, na wageni tunawapokea hapa Kalama.

"Hiyo niachie mimi, shemeji," akasema Masila, mdogo wa marehemu. "Nitaihamisha na flashi. Mimi nikigusa kompyuta inasimama wima kama askari!"

Siku ya wazee kurudi kuiona nasaba ikafika. Masila akatundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta, akachomeka flashi kwenye laptopu, akabonyeza kama anayefungua bunge.

Shuka likawa jeusi. Maneno yakatokea: hakuna diski ya kuwashia.

"Iko na uchovu wa safari," akasema Masila.

"Safari ya Mumbuni?" akauliza Mzee Wathome. "Mimi nimetoka Ndithini na niko macho!"

Masila akaizima, akaiwasha. Akabadilisha mipangilio: ianzie hapa, hapana, ianzie pale. Akainua laptopu juu kama anayetafuta netiwaki. Giza! Wazee wakaanza kutazamana kama watu wanaofichwa jambo. Nikaiona ndoa ya mwanangu ikiondoka mlangoni.

Nzilani akaivuta laptopu, akafungua flashi.

"Anko! Umeleta faili ndogo ya mipangilio peke yake! Diski, ile faili kubwa yenye mfumo na kazi yote ya baba, umeiacha Mumbuni!"

Yaani mtu katumwa kumleta bibi harusi, karudi na mkoba wake!

"Flashi ilikuwa imejaa," akanong'ona Masila.

"Imejaa nini?" nikauliza.

Nzilani akabonyeza video iliyokuwamo. Masila mwenyewe akatokea kwenye shuka, mrefu kama mlango wa kanisa, akiwa mbele ya kioo cha kabati, akifanya mazoezi ya kugombea udiwani.

"Watu wangu wa Kalama!" akanguruma. Akajipigia makofi. Akajishukuru. Akalia kidogo.

Wazee wa Ndithini walicheka hadi fimbo zikaanguka. Mzee Wathome akafuta macho, akateta na wenzake, akasimama.

"Mama Nzilani, zima mashine. Tumeridhika. Katika ukoo wetu hajawahi kuzaliwa mtu wa namna hii. Hatuna undugu! Sasa tuzungumze mbuzi wa mahari."

Harusi ni Desemba. Na kama koti alilovaa Masila kwenye video hiyo lilikuwa la marehemu, na suruali ilikuwa wapi, usiniulize. Sisemi.